Kusubiri Maji Mida

Ukifika Mida saa nne asubuhi siku ya bamvua, utakuta bahari imekwenda zake. Mbele yako ni tope tupu, vijito vichache vinavyometa juani, na kule mbali, karibu na mikoko ya ng'ambo, vidoa vyeupe ambavyo yaweza kuwa ni ndege na yaweza kuwa ni mifuko ya plastiki. Wageni wengi hufika saa hiyo, wakiwa wameshastaftahi hotelini Watamu. Hutazama kidogo, hupiga picha juu ya daraja la kamba, huondoka. Ndege waliyemfuata yupo, tena anakula, ila yuko mbali kiasi kwamba darubini ya shingoni haiwezi kumleta.

Mwongozaji anayeijua kazi yake hatakupeleka saa hiyo. Ukimpigia simu atauliza kwanza kama mnakuja na watoto, wana umri gani, na kama kuna mtu mzima ambaye daraja linaloyumba litamsumbua. Halafu atakutajia siku, na mara nyingi siyo ile uliyokuwa umeipanga. Ukishikilia siku yako, atakuambia kwa upole kwamba siku hiyo maji ni mafu, na ukija utaona mikoko tu. Msikilize.

Ufundi huu wa kumfikisha mtu mbele ya ndege hausifiwi vya kutosha. Tunamsifu ndege, tunaisifu mandhari, tunazisifu picha. Aliyetuweka mahali panapofaa kwa saa inayofaa, tukaona, tunampa bahashishi na kumwaga kwaheri, wala hatumuulizi alijuaje. Likizo ya Desemba nilikwenda Mida na mama yangu, mke wangu na watoto, na nilimtazama mwongozaji wetu kwa makini yale yale niliyomtazamia ndege.

Mida ni mkono wa bahari ulioingia bara nyuma ya Watamu, katika kaunti ya Kilifi. Mdomo wake ni mwembamba, lakini ukishaingia ndani maji yanatanda, na eneo lote ni kama kilomita za mraba 32 za maji, tope, mchanga na mikoko. Ng'ambo ya barabara ya Mombasa na Malindi uko msitu wa Arabuko-Sokoke. Mida yenyewe imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968. Kuanzia Agosti, ndege wa matopeni hushuka hapa kwa maelfu kutoka Siberia, kutoka majangwa ya Asia ya Kati, kutoka Arabuni, na hukaa mpaka karibu na Aprili.

Anayefuatwa zaidi ya wote ni ndege mla kaa. Wanasayansi humwita Dromas ardeola, na aliyemwandika kwanza katika vitabu vyao ni Msweden Gustaf von Paykull, mwaka 1805. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, urefu wake ni kama sentimita 40, miguu mirefu yenye rangi ya buluu iliyofifia. Kinachomtambulisha ni mdomo. Ndege wengine wa matopeni, kina chekeamwezi na sululu, wana midomo myembamba ya kuchokolea. Wa huyu ni mnene, mweusi, mfupi kwa kimo chake, mdomo wa kuvunjia. Katika ukoo wake hana ndugu, ni yeye peke yake, na walio karibu naye kinasaba ni ndege wa nchi kavu wanaokimbia nyikani.

Huzaliana kando ya Ghuba, Omani, Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia, kwenye visiwa vya mchanga, katika miezi ambayo jua la huko linachoma kuliko wakati wowote. Huchimba shimo, njia ndefu yenye mita moja au mbili na zaidi, na ndani yake hutaga yai moja jeupe. Hakuna ndege mwingine wa matopeni anayetaga ndani ya shimo alilolichimba. Mchanga ulioota jua hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuatamia, kwa hiyo mzazi anaweza kwenda kutafuta chakula kwa saa nyingi bila yai kuharibika. Ndege hawa hawajafika hatua ya kuhofiwa kutoweka, lakini duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000 tu, na mahali wanapoweza kuonwa na familia iliyotoka nyumbani kwa matatu ni pachache mno. Mida ni pamojawapo.

Sasa nirudi kwenye siku na saa, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Maji yakipwa, ndege hutawanyika juu ya tope lote, kila mmoja akitafuta riziki yake, na wengi wako mbali. Maji yakijaa kabisa, tope halipo tena. Ndege wamejikusanya kwenye mafungu ya mchanga yaliyobaki au wameruka kwenda kupumzika usipowaona. Katikati ya hali hizo mbili kuna muda mfupi ambapo maji yanapanda na kuwasukuma, nao wanarudi nyuma hatua kwa hatua, wakiendelea kula, hadi wanakaribia ukingo uliposimama. Huo ndio muda ambao mwongozaji anauwinda. Ukiukosa kwa saa moja umeikosa siku.

Haitoshi kujua kwamba maji yatapanda. Kibanda cha kutazamia ndege kiko upande wa magharibi, na unapokaa humo unaangalia mashariki. Asubuhi jua linakupiga usoni na kila ndege ni kivuli cheusi. Alasiri jua liko mgongoni kwako na unaona hata rangi ya miguu. Kwa hiyo anataka maji yanayopanda mchana, yajae alasiri. Katika pwani hii maji ya bamvua hujaa kama saa kumi, asubuhi na alasiri, na bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji mafu hujaa saa nne hivi, wakati jua bado liko mbele, tena hayana nguvu ya kupanda juu na kuwasogeza ndege. Ndiyo maana siku nzuri katika mwezi ni chache, nazo zinakuja mafungu mawili. Kisha anaongeza jambo ambalo jedwali la maji lililochapwa kwa bandari ya Mombasa halitamwambia: kwa kuwa mdomo wa Mida ni mwembamba, maji huchelewa kufika ndani. Yachelewe kiasi gani, na tope lipi litangulie kufunikwa, hilo analijua kwa kusimama pale mwaka hadi mwaka.

Alipotutajia siku, mama yangu, mzaliwa wa Malindi aliyekulia katika nyumba ya wavuvi, alihesabu kwa vidole na kusema, "Hiyo ni mwezi kumi na sita. Amesema kweli." Tulipofika, mwongozaji, kijana, alikuwa ameshatutangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji yako yako wapi?"

"Yanakuja, mama. Yamepita ule mkoko mkubwa, yatafika kwenye fungu lile baada ya nusu saa. Tutembee taratibu, tutayakuta."

Daraja la Mida limetengenezwa kwa kamba na mbao, zaidi ya mita 200, linapita juu ya mizizi ya mikoko hadi kwenye kibanda. Watoto wakilipanda hutaka kuruka. Mwongozaji hakuwakataza. Alimpa binti yetu kazi ya kutazama kaa waliopanda juu ya mizizi ya mkoko, na kaka yake kazi ya kuwaangalia wale walio topeni, wenye gando moja kubwa wanalolipunga. Mtoto anayetafuta kaa hutembea polepole bila kuambiwa. Mama alimshika mkono kijana na kufuata nyuma. Nilipouliza baadaye kwa nini alitaka tutulie darajani na si kibandani, alisema mbao zikigongana, sauti yake inafika mbali zaidi juu ya maji kuliko mazungumzo ya watu.

Kibandani aliisimamisha darubini kubwa ya miguu mitatu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuishusha ifike kwenye kimo cha mtoto mdogo. Sisi watu wazima tungeinama. Ni jambo dogo, lakini nimeona watoto wengi wakinyanyuliwa makwapani kuchungulia, wakaona giza na kope zao wenyewe, wakasema wameona ili washushwe.

Hakuanza kutafuta kwa darubini. Alisimama mikono nyuma akatazama kwa macho matupu, kutoka kushoto kwenda kulia, halafu akarudi. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema kwa mbali ndege wote weupe wanafanana, kwa hiyo anatafuta mwendo. Yangeyange hutembea bila kusita, shingo mbele. Shakwe husimama akielekeza kifua upepo unakotoka. Mla kaa huenda hatua chache, husimama wima kabisa, hutazama, kisha hukimbia ghafla. "Yule," akasema, na hapo ndipo alipogeuza darubini.

Hakuwaambia watoto wataona nini. Alimuita binti yetu na kumuuliza.

"Unaona nini, mama?"

"Ndege, mjomba. Amevaa koti."

"Koti rangi gani?"

"Jeusi. Lakini tumbo jeupe."

"Na mdomo?"

Akanyamaza sana. "Mkubwa. Kama si wake."

Alipotoka hapo alikuwa ameshamjua mla kaa kwa namna ambayo kitabu kisingempa, kwa sababu kila alama aliitafuta mwenyewe na kuitamka mwenyewe. Kaka yake akaulizwa maswali mengine: wangapi wamesimama kwa mguu mmoja, wangapi wanatembea, wote wanaelekea upande gani. Nimewahi kufundisha, na najua ilivyo vigumu kujizuia usitoe jibu ulilonalo mdomoni. Huyu alijizuia alasiri nzima.

Maji yalikuja kimya kwenye vijito kwanza, halafu juu ya tope. Ndege walirudi mbele yake kama alivyosema, na ukafika wakati ambapo mla kaa mmoja alikuwa karibu sana hata mama, ambaye hapendi kuchungulia kwenye mabomba, akasema anamuona vizuri alipo. Tuliona kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho. Alisimama, shingo imenyooka. Akakimbia hatua tano sita, akapiga mdomo chini mara moja, akainuka na kaa aliyemshika kwa gando. Akamtikisa kwa nguvu upande huu na huu hadi gando likakatika na kaa akaanguka. Hakuharakisha. Alimgeuza kwa ncha ya mdomo, akamshika gando la pili, akatikisa tena. Kaa asiye na magando hana silaha. Ndipo alipomchukua katikati, akambana, tukaona gamba likiachia, na tulidhani atammeza.

Hakummeza. Ndege mwingine alikuwa anamsogelea kutoka nyuma, kimo kile kile, lakini mgongo wake ulikuwa wa kijivu na utosi una mistari. Aliinama, akajikunyata, akatoa sauti nyembamba ya mluzi bila kukoma. Mkubwa akaliweka windo mbele yake, na yule wa kijivu akalichukua.

Mwongozaji hakusema neno mpaka walipomaliza. Baadaye ndipo alipotueleza: yule wa kijivu ni mtoto wa mwaka huo. Alianguliwa ndani ya shimo huko kaskazini, akalishwa humo gizani, kisha akaruka na wazazi wake zaidi ya kilomita 2,000 hadi Mida, na bado analishwa. Vifaranga wa ndege wengi wa matopeni hujitafutia chakula tangu siku za kwanza baada ya kuanguliwa, na wengi husafiri bila wazazi. Huyu hujifunza kumvunja kaa kwa miezi, akisimama karibu na anayejua. "Mkubwa hivi, na bado anapewa mdomoni?" mama akasema, akamtazama mjukuu wake wa kiume, na sote tukacheka isipokuwa yeye.

Nilitaka tushuke. Tope lilikuwa limebaki kidogo mbele ya kibanda, na kwa simu ningeweza kupata picha nzuri ya mtoto na mzazi. Mwongozaji akasema hapana, kisha akanieleza sababu zake kwa subira. Maji humpa ndege saa chache za kula katika kila kupwa na kujaa. Akirushwa na mtu, anapoteza muda huo na anatumia mafuta aliyoyaweka mwilini kwa safari ya Aprili. Mtu mmoja akishuka hafanyi madhara makubwa, lakini wanaotaka kushuka ni wengi. Mwongozaji anayemridhisha mgeni kwa kuwafukuza ndege atapata sifa siku hiyo, na mwenzake atakayekuja kesho ataona tope tupu. Nikakaa. Picha niliyo nayo ni ya vidoa, na sina malalamiko.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuhesabu. Hapo nilimuona akibadilika, akawa mkali kidogo, akaomba tusimsemeshe. Ndege walikuwa wamejikusanya kwenye fungu la mchanga lililobaki, wamebanana, wengine wamefichwa nyuma ya wenzao. Anachofanya ni hiki: anahesabu kumi kwa uhakika, mmoja mmoja, na kulishika jichoni eneo ambalo hao kumi wamelichukua. Kisha analipima eneo hilo juu ya kundi lote, tena na tena, mpaka mwisho. Halafu anarudia kutoka upande wa pili. Hesabu mbili zikitofautiana sana, anahesabu mara ya tatu. Aliwafundisha watoto njia hiyo hiyo, na kila mmoja akaandika namba yake kabla ya kusikia ya mwenzake. Zilikaribiana kuliko nilivyotegemea.

Katikati ya kundi mke wangu aliona ndege mdogo akipita mbio kati ya miguu ya wakubwa, akauliza kama si yule chekeamwezi mwenye mdomo uliopinda kwenda juu, ambaye huja hapa kutoka kaskazini ya mbali. Mwongozaji akaangalia. Ndege alikuwa ameshaingia nyuma ya wengine.

"Huenda ndiye, dada. Mdomo sikuuona."

Hakumwandika. Mgeni alikuwa amefurahi, kalamu ilikuwa mkononi, na hapakuwa na wa kumpinga. Daftari lake lina thamani kwa sababu ya ndege kama huyo asiyeandikwa. Kila Januari, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Nature Kenya pamoja na watu wa kujitolea huhesabu ndege wa majini katika sehemu nyingi za nchi, na hesabu hizo ni za kuaminika kadiri anayesimama kwenye tope anavyoweza kusema kwamba hakuona vizuri.

Ada tuliyolipa kwa daraja haiishii hapo. Tangu mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya limekuwa likiendesha mpango uitwao ASSETS, ambao huchangia karo za sekondari kwa wanafunzi wa familia zinazopakana na Arabuko-Sokoke na Mida. Kwa mzazi wa kijiji kinachopakana na mikoko, mti ni boriti na kuni, na boriti ni pesa. Karo iliyolipwa ni sababu inayoshikika ya kuuacha mti usimame. Napenda pia kwamba kazi ya mwongozaji, ambayo kwa nje inaonekana ni ya kusimama na kutazama, ina mtoto wa mtu darasani mwisho wake.

Nilimuuliza anafanya nini kuanzia Aprili, mla kaa akiisha kuondoka. Akasema hawaondoki wote. Watoto wa mwaka huo, wale wa mgongo wa kijivu, wengi hubaki. Bado hawajafika umri wa kuchimba shimo, na safari ya kaskazini haina faida kwao. Wazazi huondoka na kuwaacha, nao hushinda Mida miezi ya kusi na mvua, wakivunja kaa wao wenyewe sasa. Mwezi wa Juni hakuna mgeni anayepiga simu. Yeye huangalia mwezi, huchagua siku ya bamvua, hupita darajani na darubini yake begani, na kuwahesabu hao waliobaki, kwanza kutoka kushoto, kisha kutoka kulia.